Wimbo ukivuka mlango wa ukumbi

Bendi ya taarab ya kisasa inapoanza kupiga, hakuna anayekurupuka. Kinanda kinatangulia, besi linafuata, na kwa dakika mbili tatu ni muziki mtupu. Mwimbaji anaingia na ubeti wa kwanza, na bado utaona wengi wametulia, wanasikiliza. Kisha unafika mstari ambao mtu fulani amekuwa akiusubiri tangu atoke kwake. Hapo ananyanyuka. Noti imebanwa vidoleni, mkono uko juu, mwendo ni wa taratibu kwa kufuata mapigo. Hapiti njia fupi ya kwenda jukwaani. Anapita karibu na kiti cha mbaya wake, na wala hamtazami. Akifika mbele anamtunza mwimbaji, noti mkononi au kwenye paji la uso, anaicheza ile mistari iliyobaki, kisha anarudi kukaa. Mdomo wake haujatoa neno hata moja.

Ukumbi mzima umeelewa, na aliyelengwa ameelewa kuliko wote. Afanyeje? Akisimama na kufoka, amejitangaza mwenyewe kuwa ndiye anayeimbwa. Njia yake ya heshima ni kusubiri wimbo wenye jibu, naye anyanyuke na noti yake. Wanamuziki wazoefu wanalijua hilo, kwa hiyo hupanga nyimbo kwa hesabu: wa kushambulia ukifuatwa na wa kujibu, bila kuacha nafasi ndefu katikati ambayo watu wataijaza kwa maneno yao wenyewe. Ngumi zikizuka katika shughuli ya taarab, tafuta mambo mawili. Ama aliyepashwa hakupata zamu ya kupasha, ama mtunzaji amevunja mwiko kwa kumnyooshea mwenzake kidole.

Bila kuujua utaratibu huu ni vigumu kuelewa kwa nini muziki wa Kiswahili unazua ghadhabu kila baada ya muda, na kwa nini ghadhabu hiyo huwa kali zaidi kwa watu ambao hawakuwapo. Mijadala yetu hukamata maneno: neno hili chafu, mstari ule tusi. Maneno yana sehemu yake, sikatai. Lakini zifuatilie kesi moja baada ya nyingine. Utakuta maneno yaleyale yalikuwa yakishangiliwa mahali fulani bila shida yoyote, kisha yakasikika pengine, mbele ya masikio ambayo hayakualikwa, na hapo ndipo moto ulipowaka.

Jinsi fumbo linavyofungwa

Mtunzi wa mipasho, yaani nyimbo hizi za kumpiga mtu vijembe, huanza kwa kuondoa. Anapewa kisa, anakitoa jina, anakitoa mtaa, anakitoa kazi ya mtu na kila kinachoweza kumtambulisha. Kinachobaki ni tabia: umbeya, choyo, kujishaua kwa cha kuazima, kumvizia mume wa mwenzio. Tabia hiyo anaivika umbo la kitu ambacho kila mtu anacho nyumbani au anakiona njiani. Paka, mwiba, chungu, mkeka. Baada ya hapo ndipo anapoingia kwenye vina na mizani.

Mizani si pambo. Mstari ukizidi silabi moja, mwimbaji atalazimika kulimeza neno, na neno likimezwa pale penye ncha ya mpasho, aliyekuwa akilisubiri amepoteza wakati wake wa kunyanyuka. Kwa sababu hiyohiyo maneno makali huwekwa mwishoni mwa ubeti au kwenye kiitikio. Kiitikio kinarudiwa, na kurudiwa kunampa mtu muda wa kutoka kitini, kujipitisha anapotaka, na kufika mbele kabla mstari haujapotea. Watu wa nje hulalamika kwamba nyimbo za taarab ya kisasa ni ndefu mno, dakika kumi na kuendelea. Urefu huo umekatwa kwa kipimo cha ukumbi. Wimbo wa dakika tatu hauwezi kutunzwa na watu ishirini.

Kazi ngumu ni uzito wa fumbo lenyewe. Likiwa zito mno, watu wanasifia sauti na hakuna anayenyanyuka. Likiwa jepesi mno, yaani kile kitu kilichotajwa mtaani kinajulikana ni cha mtu mmoja tu, limekwisha kuwa tusi la wazi, na kinga yote ya mtunzi imeanguka. Mwimbaji hawezi tena kuapa kwamba hakumwimba mtu. Mtunzaji hawezi tena kusema ameipenda sauti tu.

Mfano ulio bora wa uzito huo bado ni wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa karibu na mwaka 1880, akaja mjini na kuimba taarab kwa Kiswahili hadi sauti yake ikafika Bombay, ambako mwaka 1928 alirekodiwa na kampuni ya santuri ya HMV. Wapinzani wake walimwimbia hivi:

Siti binti Saadi kawa mtu lini,
alitoka shamba na kaniki chini,
kama si sauti angekula nini?

Hapa hakuna fumbo. Jina limetajwa, asili imetajwa, na kaniki imetajwa, nguo ya bei ya chini iliyokuwa alama ya utumwa na ufukara katika Unguja ya wakati ule. Kila msikilizaji aliipata sawasawa. Sasa soma jibu lake:

Si hoja uzuri na sura jamali,
kuwa mtukufu na jadi kubeli,
hasara ya mtu kukosa akili.

Hesabu silabi: sita kwa sita, mistari yote mitatu, na kina cha -li kimefunga kila mwisho. Hakumtaja mtu. Hakuikana kaniki wala shamba. Aliwaacha wenye sura na nasaba wajitambue wenyewe, na yeyote ambaye angekasirika hadharani angekuwa amejivika ule mstari wa mwisho. Baada ya miaka yote hii, shambulio linakumbukwa kwa sababu ya jibu lake.

Siti huyohuyo aliimba pia habari ya Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni mjini Unguja kisha akakimbilia bara. Humo majina na matendo yamewekwa wazi. Sioni kupingana kokote. Kashfa ya chumbani inadai fumbo, na damu iliyomwagika ambayo mahakama haikuitendea haki inadai jina. Mtunzi hodari anajua lipi ni lipi.

Mipasho ilipotoka nje

Taarab ya zamani ya Unguja ilikuwa na kuta. Klabu ya Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanza mwaka 1905, ilipiga kwa waalikwa: ala zake ni udi, kanuni, fidla na nai, watu wamekaa kwa adabu. Mafumbo yalikuwemo, tena mazito, lakini aliyeyasikia alikuwa ndani ya mzunguko wa watu waliojua utaratibu wa mchezo.

Kuta hizo zilibomoka Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990. Vikundi vya burudani vilikuwa vikitoa onyesho la saa nyingi kwa kiingilio kimoja, ngoma, sarakasi, maigizo, dansi na taarab humohumo. Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ilikuwa na Nasma Khamis, maarufu kwa jina la Kidogo. Tanzania One Theatre, iliyoundwa na CCM mwaka 1992 wakati vyama vingi vinarudi na kuongozwa na Kapteni John Komba, ilimpata Khadija Kopa kutoka Culture Musical Club ya Zanzibar. Wimbo wa huku ulijibiwa kule, na mashabiki walihama ukumbi kwenda kusikia jibu. Watunzi waligundua kwamba fumbo zito halifiki nyuma ya ukumbi wa mamia ya watu waliolipa kiingilio. Wakalifanya jepesi. Kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya fidla, mapigo yakawa ya kucheza, na kile kilichokuwa kijembe kikawa mpasho kamili, kisha mtindo uitwao rusha roho.

Wazee walilia kwamba taarab imeharibiwa. Nawaelewa, na kuhusu ushairi nadhani wana haki: tungo nyingi za miaka ile ukizisoma bila muziki hazisimami. Lakini ukisikiliza malalamiko yao kwa makini, kero kubwa ilikuwa kaseti. Kaseti iliutoa wimbo katika ukumbi wenye zamu ya kujibu na kuupeleka dirishani kwa jirani, saa nne asubuhi, sauti ya juu, upande mmoja tu. Anayepigiwa hana bendi ya kumjibu. Hana hata pa kwenda, maana pale ni kwake. Ule mchezo wa watu wazima wenye kanuni zake umegeuka uchokozi, na silabi haikubadilika hata moja.

Ngoma za unyago zinalionyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Mafunzo ya mwali yana nyimbo zinazotaja mwili na tendo la ndoa bila kupepesa macho, na hakuna mtu mzima wa pwani anayeshangaa, kwa sababu mlango umefungwa, wanaume na watoto hawamo, na somo, yaani kungwi, anafundisha. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wetu, alikuwa somo wa unyago kabla dunia haijamjua kama mwimbaji. Alipolileta jukwaani lile goma kubwa la msondo, amelifunga kiunoni kwa kitambaa na kulipanda, wageni waliona msanii wa ajabu. Wengi nyumbani waliona siri ya wanawake imetandazwa barazani. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa zikitazama kitu kilekile. Bila yeye kuvuka ule mlango, sehemu ya ngoma hizo ingezikwa naye Aprili 2013. Alipouvuka, waliolelewa katika heshima ya kile chumba waliumia kweli, na maumivu yao yasiitwe ushamba.

Serikali inapoingia

Tanzania ina Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Kesi zake mbili zinatosha kuonyesha tatizo.

Ya kwanza ni ya fumbo. Novemba 2018 BASATA iliufungia wimbo wa Diamond Platnumz na Rayvanny unaoitwa Mwanza. Ndani yake linachezewa jina la Nyegezi, mahali halisi katika jiji la Mwanza, penye stendi ya mabasi inayojulikana na kila msafiri wa Kanda ya Ziwa. Jinsi linavyotamkwa, sikio linapelekwa moja kwa moja kwenye nyege. Kwa kipimo cha watunzi wa mipasho hili ni fumbo la daraja la chini kabisa, lile jepesi lisilohitaji mtu kufikiri, na ndilo kosa lake la kisanii. Kwa kipimo cha ukumbi wa usiku wenye watu wazima, ni mzaha. Tatizo lilikuwa kwamba wimbo wa msanii mkubwa kiasi kile hauna ukumbi. Siku unapotoka umefika kwenye simu ya mtoto wa darasa la nne, naye anauimba mbele ya babu yake. Desemba waliupiga tena jukwaani mjini Mwanza, wakazuiwa wote wawili kufanya maonyesho kwa muda usiojulikana. Waliomba radhi, na Januari 2019 zuio likaondolewa.

Ya pili haina fumbo hata kidogo. Jumapili tarehe 26 Machi 2017 mwanamuziki wa hip hop Ney wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa ajili ya Wapo, wimbo unaosema wazi mambo ya nchi na ya watawala. Kesho yake BASATA iliufungia. Siku hiyohiyo Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, ambaye hakuwa na hata wiki moja katika wizara hiyo, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, msanii aachiwe, wimbo upigwe, na ikiwezekana aongeze wakwepa kodi na watu wa dawa za kulevya. Asubuhi haramu, jioni halali, na beti ni zilezile. Baraza lilikuwa limedhani masikio ya mkuu wa nyumba hayatauvumilia. Yalipouvumilia, hoja za maadili ziliyeyuka.

Kesi hii inanikera kuliko ile ya kwanza, kwa sababu msanii hawezi kutunga kwa kubahatisha masikio ya mtu mmoja. Mtunzi wa mipasho ana vipimo: jina limetolewa au halijatolewa, kitu kilichotajwa ni cha wote au ni cha mtu mmoja. Anaweza kujikagua kabla ya kuingia studio. Kanuni isemayo tu kwamba wimbo usikiuke maadili haimpi cha kupima. Matokeo yake wasanii wengi hujizuia kusema mambo ya nchi, ambako adhabu ni nzito, na kubaki na nyege, ambako adhabu ni faini na msamaha. Halafu tunauliza kwa nini muziki umejaa matusi.

Zaire ya Mobutu ilikuwa na kipimo cha aina yake. Mwaka 1978 mwanamuziki Franco Luambo Makiadi alifungwa kwa nyimbo mbili, Hélène na Jackie, zilizosambaa kwa kaseti bila kupita tume ya udhibiti. Inasimuliwa kwamba alipodai hazina ubaya wowote, mwanasheria mkuu, Kengo wa Dondo, alimwita mama yake Franco na kumpigia nyimbo zile, na mama akashtuka. Yule mwanasheria alijua anachofanya. Hakuleta kamusi wala mtaalamu wa lugha, alileta masikio ambayo mtoto hawezi kuyakabili. Msikilizaji wa Kiswahili, awe Bukavu au Bagamoyo, anaielewa mbinu hiyo mara moja: yapo mambo ambayo mtu na mamake, au mtu na mkwewe, hawayasikilizi pamoja hata kama kila mmoja kwa wakati wake anayajua vizuri.

Kenya ilikaribia kuligusa jambo lenyewe. Julai 2019 Ezekiel Mutua, wakati huo akiongoza bodi ya kuainisha filamu, KFCB, alitangaza kwamba nyimbo za Wamlambez wa kundi la Sailors na Tetema wa Rayvanny na Diamond zisipigwe nje ya vilabu na baa. Alichekwa sana, na mengine aliyoyasema katika miaka yake pale sitayatetea. Ila angalia alichokitamka hapa. Hakusema nyimbo hizi zisiwepo. Alisema zina ukumbi wake. Gengetone, muziki wa vijana wa Kenya wa aina ile ya Wamlambez, imetungwa kwa kuitana na kuitikiana: mmoja anatupa neno, umati unarudisha lake. Ni muziki wa chumba kilichojaa watu wazima waliokuja kwa hiari yao, na humo ndani unafanya kazi barabara.

Kilichomshinda ni utekelezaji. Sheria aliyoishika, Sura ya 222 ya sheria za Kenya, ni ya filamu na michezo ya jukwaani. Imejengwa juu ya dhana kwamba kuna mlango, kuna tiketi, na kuna mtu wa kumzuia mtoto asiingie. Wimbo wa leo hauna mlango huo. Video ya sekunde thelathini ikikatwa kutoka kwenye harusi na kurushwa mtandaoni, inabeba kiuno na mstari mkali na kuacha ubeti uliotangulia, jibu lililofuata na vicheko vya waliojua kisa. Anayeiona Muscat au Minneapolis anahukumu kipande.

Hata hivyo zipo sehemu ambazo mlango bado upo na mwenye kuushika anajulikana, na huko ndiko ningependa nguvu zote ziende. Mtangazaji wa redio anaujua muda wa vipindi vyake, na msanii anaweza kumpa toleo la pili lenye ubeti mbadala, utunzi mpya wenye mizani yake kamili, badala ya ule mlio wa kufuta neno unaomfanya mtoto aulize limefutwa nini. Mwenye sherehe anaweza kumwambia MC kwamba nyimbo fulani zianze wazee wakishaondoka, jambo ambalo shughuli nyingi za pwani zimelifanya miaka yote bila kuandikiwa kanuni. Na dereva na kondakta wanajua nani kapanda. Katika daladala ya Mbagala au matatu ya Rongai saa moja asubuhi, spika ziko juu ya vichwa, mama amempakata mtoto wa shule, pembeni yao ameketi mzee wa msikitini, na wote wamelipa nauli ya kufika mjini. Hakuna hata mmoja wao aliyekata tiketi ya klabu, na hawezi kushuka hadi kituo kijacho. Wakikasirika, kasirikeni pamoja nao, na mwambieni kondakta abadilishe wimbo. BASATA haihitajiki hapo.